Minyoo wa Taifa Wamekatika Mikia

Ilikuwako nchi ikiitwa Jamhuri ya Shwari. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Siku ramani zilipochorwa, wenyewe walikuwa mkutanoni. Ni nchi ya watu wema, wenye serikali inayowapenda kiasi cha kuona haya kuwaambia jambo la kuwasikitisha. Ukimuuliza Mshwari yeyote habari za kwake atakujibu, "Shwari," hata kama paa lake linawaka moto. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, na gari la zimamoto litakuja likishapata dereva.

Mji mkuu wa nchi hiyo umekatwa katikati na Mto Kidundwe, na chini ya Daraja la Kati, matopeni, ndiko walikoishi wakazi wanaoheshimiwa kuliko wote nchini. Hao ni minyoo. Ondoa mawazo ya minyoo wa tumboni. Hawa ni minyoo wa mtoni, wembamba kama uzi wa cherehani, wekundu kama wametoka kuona haya. Mnyoo wa namna hii huzamisha kichwa kwenye tope na kula humo humo, mkia akauacha nje majini, akawa anaupunga huku na huku. Wataalamu wanasema huo mkia ndio pua yake, kwa huo anapumua. Washwari wao wanasema anasalimia, na mtu akikusalimia, uungwana ni kuitikia.

Asili ya heshima hiyo ni kwamba waasisi wa Taifa walifika ukingoni pale wamekaukwa na koo, wakaogopa kunywa maji ya ugenini. Mmoja akainama, akaona mikia inapunga chini ya maji. Naye akapunga. Akanywa. Hakufa. Basi bwana, hapo hapo wakajenga mji, wakaandika Katiba, na ibara ya kwanza kabisa, iliyotangulia ile ya haki na ile ya kodi, ikasema: Minyoo wakipunga, maji ni salama.

Tangu hapo kila mwaka kuna Siku ya Mpungo. Beseni kubwa la kioo huwekwa uwanjani likiwa na tope la mto na minyoo wake, na juu yake humiminwa kibuyu cha maji yaliyochotwa darajani asubuhi ile. Minyoo hupunga mikia, na umati mzima hutoa leso na kuwapungia. Kisha glasi moja ya maji yale yale hunywewa na mkuu wa nchi, ambaye kule humwita Mheshimiwa Usukani kwa kuwa ndiye anayejua nchi inakokwenda. Baada ya hapo, pilau.

Lakini mkuu hanywi wa kwanza. Mila ya Shwari ni mwenyeji kuonja. Ukimkaribisha mtu uji nyumbani kwako, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Asiyeonja ana lake jambo, na uji wake humwagwa. Sasa mto hauna mdomo wa kuonjea, kwa hiyo iliamuliwa awepo mtumishi wa umma wa kuwa mwenyeji kwa niaba ya mto. Mtumishi huyo ndiye Mlinzi wa Minyoo wa Taifa, na zama hizi tunazozisimulia alikuwa Salehe Dihenga.

*

Dihenga alikuwa mnene, mpole, mwenye koti la kijani la serikali ambalo vifungo vyake vilikuwa vimeshaacha kuonana na matundu yao. Kazi yake aliipenda kwa sababu minyoo hawana malalamiko. Siku za kawaida alikaa kwenye kiti chake darajani akiwalinda, ingawa haijasikika mtu aliyekuja kuwaiba. Siku ya Mpungo alikunywa glasi yake ya maji, akapangusa mdomo, akaenda kukaa karibu na masufuria.

Juu kidogo ya daraja kulikuwa na kiwanda cha Ngozi Njema, mali ya Bwana Lukindo, kilicholainisha ngozi na kutengeneza rangi. Kiwanda kilikuwa na bomba nene, na bomba lilikuwa na tabia ya kutapikia mtoni. Jumatatu maji yalipita ya bluu, Jumatano ya kijani, Ijumaa mekundu. Washwari, watu wa kushukuru, waliona wamerahisishiwa maisha. Mtu akisahau siku, alitoka nje akachungulia mto. Walioishi Mtaa wa Chini, mto unakoelekea, walijikuna kidogo, na mabata wao walikuwa na mabawa ya rangi za bendera, jambo lililowapatia cheti cha uzalendo.

Wiki ile ya kukaribia Mpungo, Dihenga alishuka matopeni na upawa wake kuchota minyoo wa sherehe. Akainama, tumbo likilalamika. Akatazama. Hakuona mkia hata mmoja.

Minyoo walikuwapo, hilo tusiwasingizie. Lakini walikuwa wametoka topeni, wamejikunja juu ya tope mafundo mafundo, kama nyuzi zilizochezewa na paka. Wekundu wao ulikuwa umepauka. Dihenga akamgusa mmoja kwa ncha ya upawa, kwa adabu, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia kwenye msiba. Kipande cha mkia kikakatika, kikaelea zake. Akagusa wa pili. Naye vivyo hivyo. Wa tatu hakusubiri kuguswa.

Dihenga akakaa chini kwenye tope, na koti la serikali juu yake.

*

Nyumbani, mkewe Bi Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Sasa ngoja nielewe, Baba Asumini," akasema. "Mnyoo anakaa humo siku zote, baba yake alikaa humo, babu yake alikaa humo. Na huyo kakatika mkia."

"Ndiyo."

"Na wewe unakwenda kunywa glasi nzima."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Haya. Mnyoo kakatika mkia. Wewe utakatika nini?"

Dihenga akajitazama kuanzia kifuani kushuka chini, taratibu, kama mtu anayeaga jamaa. Tangu saa hiyo hakuwa na amani. Asiponywa, atafukuzwa kazi, koti litarudi stoo, na kiti cha darajani atapewa shemeji wa mtu. Akinywa, Mungu ndiye anayejua ni kiungo gani kitatangulia.

*

Asubuhi yake alikwenda kumwona Mheshimiwa Malugu, Waziri wa Maji na Sherehe. Waziri alikuwa ofisini anajaribu leso za mwaka huo, anapunga moja baada ya nyingine mbele ya kioo.

"Mheshimiwa, minyoo wamekatika mikia."

"Wote?"

"Niliowagusa wote. Na mmoja ambaye sikumgusa."

Waziri alishusha leso. Alikuwa mtu wa maamuzi ya haraka, hivyo hapo hapo aliamua kuunda kamati.

Kamati ya Kuwasikiliza Minyoo ilifika darajani na mazulia, viti vya kukunja, maji ya chupa na Profesa Kiwelu, mwenyekiti, bingwa wa kuongoza kamati aliyewahi kusikiliza nzige, mawingu na wastaafu. Profesa alitazama minyoo kwa miwani, kisha bila miwani. Mmoja wa wajumbe akauliza kama minyoo wamewahi kupewa semina. Ikaonekana hawajawahi. Jambo hilo likawasikitisha wote, wakaenda kula.

Baada ya chakula Profesa alisimama ukingoni na kusoma matokeo.

"Kamati imejiridhisha," alisema, "kwamba minyoo hawa wametoka topeni kwa hiari yao, ili kujionea maendeleo. Kuhusu mikia, kamati imebaini kwamba wameiacha kama mchango wao katika kubana matumizi. Mnyoo asiye na mkia anakula kidogo, anachukua nafasi kidogo, na ni mwepesi kusafirisha. Na kisheria hakuna tatizo. Katiba inataka minyoo wapunge. Asiye na mkia hawezi kusemwa kuwa amekataa kupunga. Tumuite mnyoo mstaafu."

Makofi yakapigwa. Dihenga akanyoosha mkono.

"Na maji, Profesa?"

"Maji yamefanyaje?"

"Yaani, mimi ndiye ninayeyanywa. Nilikuwa nauliza kama hayo maji ndiyo yaliyo..."

"Ndugu yangu Dihenga," Profesa akamkata kwa upole, "hii ni Kamati ya Minyoo. Maji hayamo katika hadidu za rejea."

Hapo ndipo Bwana Lukindo, mwenye kiwanda, aliyekuwa amesimama kando na tai yake ya hariri, akaomba kutoa mchango. Alisema ameguswa sana. Akasema mto huu umekuwa ukiteseka kwa sababu moja tu, umekuwa yatima, hauna wa kuusemea. Yeye yuko tayari kuuchukua na kuulea kama mwanawe. Ataupaka kingo chokaa, na hataki malipo, anaomba kibao kidogo tu.

Waziri akasimama kumkumbatia. Kesho yake kibao kikawa darajani, na udogo wake ulikuwa wa kwamba mafundi walilazimika kukata mti. Kilisomeka: MTO KIDUNDWE. MALI NA FAHARI YA NGOZI NJEMA. MWENYE MTO: BWANA LUKINDO.

*

Ilibaki sherehe. Wananchi walitaka mikia, na mstaafu huwezi kumpungia leso. Waziri akamwita Dihenga pembeni.

"Kule juu, kabla ya kiwanda, kwenye kijito cha Mwandu, hakuna minyoo?"

"Wapo, Mheshimiwa. Wana mikia mpaka ya ziada."

"Basi nenda kawaalike. Hawa watakuwa minyoo wageni wa Taifa."

"Na maji ya kuwamiminia?"

"Ya darajani, mila ni mila. Nimeongea na Bwana Lukindo, siku hiyo ni Jumatano, yatakuwa ya kijani. Rangi ya pili ya bendera. Wewe mimina polepole, wapunge muda wa wimbo wa Taifa, unywe, Mheshimiwa Usukani anywe, tumalize."

"Mheshimiwa, mimi hiyo glasi..."

"Mbona umekunywa miaka yote?"

"Miaka yote minyoo walikuwa na mikia."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Dihenga, hii ni glasi moja tu. Wenzako wa Mtaa wa Chini wanakunywa ndoo."

Hilo lilikuwa kweli, na Dihenga mwenyewe aliishi mtaa wa jirani na huo. Akaondoka na kitu kimemkaa kifuani, na hakikuwa njaa, ambayo aliifahamu vizuri.

Akaenda hospitali ya serikali kuomba cheti cha ugonjwa. Daktari akampima, akamwambia: "Mlinzi wa Minyoo hawezi kuugua kabla ya Mpungo, mwongozo haujaruhusu. Baada ya Mpungo njoo. Kitanda tayari tumekutandikia."

Akamwambia mkewe atafunga. Bi Mwantumu akamuuliza ni saumu ya mwezi gani hiyo inayoshikwa na mtu aliyemaliza chapati tano mbele yake. Akaamua basi atamwaga maji ndani ya mkono wa koti. Alasiri nzima alikuwa uani na glasi ya maji ya kisima, anajifunza kunywa bila kunywa. Anainua, anapindua kiwiko, anajilamba. Mara ya kwanza maji yalishuka kwapani. Mara ya pili yalitokea kwenye kiatu. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kizingitini, amejishika mbavu.

"Baba Asumini, utaniulia wajukuu kwa kicheko kabla sijawapata. Si uache?"

"Niache nifukuzwe kazi?"

"Mimi sikuelewi. Hivi yule jirani yetu Mzee Tengo akileta wageni kwake, uji nauonja mimi?"

"Uonje wewe kwa nini? Anaonja Mzee Tengo, uji wake."

"Aa," akasema Bi Mwantumu, akaukung'uta ungo. "Mimi nilidhani labda siku hizi anaonja yeyote aliyevaa koti. Maana pale darajani nimeona kibao kikubwa, nikasema nitakuuliza kinasemaje, macho yangu haya hayafiki juu."

Dihenga alibaki amesimama na glasi hewani, maji yanachuruzika kiwikoni. Kisha akavua koti, akalianika juani kwa uangalifu mkubwa, na jioni hiyo kwa mara ya kwanza wiki nzima akala akashiba.

*

Siku ya Mpungo uwanja ulifurika. Mabata wa Mtaa wa Chini waliandamana mbele ya bendi. Jukwaani, chini ya turubai la rangi ya dhahabu, alikaa Mheshimiwa Usukani, mzee mrefu mwenye kicheko cha taratibu, na kushoto kwake Waziri Malugu, Profesa Kiwelu na Bwana Lukindo, kila mmoja na leso yake.

Minyoo wageni kutoka kijito cha Mwandu walikuwa kwenye beseni kubwa la kioo, vichwa topeni, mikia juu, wanapunga kwa utulivu wa watu waliolala vizuri. Umati ukatoa leso. Mheshimiwa Usukani akapunga yake, na machozi kidogo yakamtoka, kwa kuwa alikuwa anaipenda sana sehemu hii. Huwa anasema ndiyo siku pekee anayosalimiwa na watu wasiomwomba kitu.

Dihenga akainua kibuyu, akamimina. Maji ya kijani yakashuka ndani ya beseni, yakatanda.

Ikawa ajabu. Minyoo wakazidisha kupunga. Kwanza kidogo, halafu kwa kasi, halafu beseni zima likawa kama shamba la mpunga lililopitiwa na upepo. Haijawahi kuonekana. Wananchi wakashangilia, na bendi ikarudia wimbo wa Taifa bila kuambiwa. Mtu mwenye ubaya angesema mnyoo hupunga hivyo pumzi inapomwishia. Uwanjani hapakuwa na mtu mwenye ubaya.

"Malugu," akasema Mheshimiwa Usukani, amesisimka, "hawa minyoo mwaka huu umewapa nini?"

"Semina, Mheshimiwa."

Glasi ikajazwa, ikaletwa kwenye sinia la fedha, ikawekwa mbele ya Dihenga. Ilikuwa ya kijani na ilikuwa na utandu juu, wenye rangi saba kama upinde wa mvua. Dihenga akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Kisha akapiga goti, goti likalia, akageuka kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa Usukani," akasema, "mimi nimelelewa. Miaka yote nimeonja maji haya kwa sababu mto ulikuwa hauna mwenyewe, nami nikawa mwenyeji wa kuazima. Lakini nimepita darajani nimesoma kibao. Mto umepata mwenyewe. Na mwenyewe yupo, ameketi pale, na tai nzuri sana. Sasa mimi nitatangulizaje mdomo wangu mbele ya mwenye nyumba? Watu wataniuliza, Dihenga, kwenu hamkufunzwa adabu?"

Halafu bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, kwa sauti ya kutosha, "Huo ndio uungwana. Mwenye mto aonje."

"Aonje," wakaitikia wengine, na leso zikageuka zote kumpungia Bwana Lukindo.

Bwana Lukindo akasimama, maana huwezi kukaa unapopungiwa na taifa. Akapokea glasi. Akainusa, na jicho lake moja likatoka machozi bila ya kuagizwa.

"Ni fahari kubwa kwangu," akasema. "Ila daktari wangu amenikataza maji."

"Maji yote?" akauliza Mheshimiwa Usukani.

"Maji ya... ya asubuhi, Mheshimiwa."

"Saa hizi ni saa saba mchana."

"Basi pia sipendi kujikweza," akasema Bwana Lukindo upesi. "Kibao ni changu, lakini kibali cha kibao kilitoka kwa Mheshimiwa Waziri. Anayeweza kukupa mto ndiye mwenye mto." Na glasi ikawa mkononi mwa Malugu.

Malugu aliishika kama unavyomshika mtoto wa mtu aliyelowa.

"Ni kweli mimi ni Waziri wa Maji," akasema. "Lakini mimi ni mtu wa kufuata ushauri. Aliyetuambia mambo ni shwari ni Profesa. Kauli ni yake, na maji ni yake."

"Mimi nilihusika na minyoo," akasema Profesa Kiwelu, akiirudisha mikono nyuma. "Maji hayakuwamo katika hadidu za rejea. Na tukienda kwa misingi, mto si wa kiwanda, si wa wizara. Mto ni wa Taifa. Na Taifa, kama tunavyoimba, ni la..."

Hapo Profesa aliona sentensi yake inakoelekea, akajaribu kuikamata, akachelewa. Wimbo wa Taifa wa Shwari kila mtu anaujua, na unasema Taifa ni la nani. Macho yote ya uwanja yakamfikia Mheshimiwa Usukani, na glasi, ikipitishwa kwa heshima na taadhima, ikafika mkononi mwake.

Mheshimiwa Usukani akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama juu kuona kama kuna mkubwa wake wa kumpitishia. Juu palikuwa na turubai.

Wakati huo huo, ndani ya beseni, mkia mmoja ukakatika. Ukaelea ukijinyonganyonga. Ukafuata wa pili. Kisha mingine mingi, kama nywele chini ya kiti cha kinyozi. Minyoo wenyewe wakaanza kutoka topeni, kichwa juu, wakikumbatiana mafundo mafundo, na watu wa mstari wa mbele wakaona.

"Wameacha kupunga?" akauliza mtu wa nyuma.

"Mikia bado inapunga," akajibiwa. "Ila wenyewe hawamo."

Leso zikashuka moja moja. Nyingine zikahamia puani. Yule bibi wa mstari wa mbele alikuwa amejiinamia anatazama mikono yake, iliyokuwa na ukurutu mpaka viwikoni, kama anaiona leo.

Mheshimiwa Usukani hakuwa mjinga. Watu wengi waliomzunguka walikuwa wamefanya kazi kubwa asipate nafasi ya kulionyesha hilo. Akinywa, ni tumbo lake. Akikataa, ni Katiba. Akaitazama ile glasi, akamtazama bibi, akakohoa, na kicheko chake cha taratibu kikaja, lakini cha upande mmoja.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmeona wenyewe. Minyoo wetu wamepunga mwaka huu kuliko miaka yote, wamepunga hadi mikia imechoka. Utumishi wa namna hii haujawahi kuonekana. Sasa mimi ni kiongozi gani, ninywe wakati watumishi wangu wako hoi? Natangaza Likizo ya Mto. Kuanzia sasa mpaka minyoo watakapopunga tena hapa darajani kwa mikia yao wenyewe, si ya kualikwa, mto usisumbuliwe. Asitie mtu kitu humo. Asitie tone. Mfanyakazi akiwa likizoni hafuatwi na kazi nyumbani."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Aliyepiga ya kwanza na ya nguvu kuliko wote alikuwa Bwana Lukindo, kwa furaha ya kuiona glasi haimrudii. Alipiga kwa muda mrefu kabla mikono haijaanza kupunguza mwendo, halafu ikasimama hewani, na uso wake ukawa wa kijani, rangi ya pili ya bendera.

*

Yaliyofuata ni historia, na historia ya Shwari huandikwa na wizara. Kiwanda kilikaa bila pa kutapikia, ngozi zikaanza kunuka mpaka Ikulu, na Bwana Lukindo akachimba mabwawa ya kuchuja maji yake nyuma ya kiwanda, akaita waandishi kuwaeleza kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Kibao cha darajani kilitoweka asubuhi moja. Inasemekana mwenyewe alikuja akaondoka nacho kichwani. Waziri Malugu alisema mafanikio yote yametokana na kamati. Kamati ilikubali. Ile glasi iliwekwa kwenye jumba la makumbusho, ndani ya sanduku la kioo, na haijawahi kukauka wala kuingiwa na mbu.

Dihenga hakufukuzwa. Alirudi kwenye kiti chake, akalinda matope matupu. Watu wakipita darajani walimtania: "Mlinzi, unaowalinda leo wako wapi?" Yeye anasema, "Likizoni." Washwari wa mtaani walipotezana na siku za wiki, ikabidi wanunue kalenda. Mvua zikaja zikaosha, kiangazi kikaja, mvua nyingine zikaja. Mabata wakarudi kuwa weupe na kunyang'anywa vyeti.

Siku moja Bi Mwantumu alimletea mumewe chakula cha mchana akamkuta hayuko kitini. Alikuwa chini, ukingoni, amepiga magoti na koti lake la serikali, ametoa leso mfukoni na anapunga peke yake, polepole, kuelekea kwenye maji.

"Baba Asumini, unampungia nani?"

Dihenga hakugeuka. Alimwonyesha kwa kidole. Chini ya maji, ambayo siku hiyo hayakuwa na rangi ya siku yoyote, uzi mmoja mwekundu ulikuwa umesimama kwenye tope, unakwenda huku, unarudi huku.

Bi Mwantumu akaweka chakula chini, akatafuta pindo la kanga yake, naye akapunga kidogo.

"Kwa hiyo mwaka huu utakunywa?" akamuuliza.

"Tusiwe na haraka," Dihenga akasema. "Ndiyo kwanza mwenyeji anaonja."